Mbugani na bibi na mtoto wa miaka minne: Juni au Desemba, ndani au mjini?

Swali limetoka kwa msomaji wa Tabata, Dar es Salaam, na kwa ufupi ni hili. Wako wanane: yeye na mumewe, watoto watatu wa miaka 4, 9 na 13, mama mkwe wake mwenye miaka 71, presha na magoti yanayouma, pamoja na wifi yake anayeishi Muscat na mwanawe wa miaka 10. Wana siku nne, tano zikizidi sana. Mume anataka Serengeti "kwa sababu ndiyo yenyewe." Yeye anafikiria Mikumi. Hawajaamua kama waende likizo ya Juni au ya Desemba. Bei za kulala ndani ya hifadhi zimemshtua, kwa hiyo anauliza kama kuna ubaya wakilala gesti mjini na kuingia hifadhini asubuhi. Gari lao ni Noah.

Dada, nianze na jibu lenyewe, sababu zifuate. Nendeni Mikumi. Nendeni mwishoni mwa likizo ya Juni, siyo mwanzoni. Tokeni Dar siku ya Jumapili, laleni ndani ya hifadhi siku mbili, kisha siku ya tatu mlale Morogoro mnaporudi. Serengeti iwekeni akiba mpaka huyo mdogo afike walau miaka saba. Na kuhusu gesti ya mjini, ubaya upo, ila siyo huo unaoufikiria wewe. Nitaueleza kwa kirefu kwa sababu ndipo familia nyingi zinapopotezea pesa zao huku zikidhani zinabana matumizi.

Kwanza tummalize mumeo. Hakosei anaposema Serengeti ndiyo yenyewe. Ila apige hesabu ya barabara. Dar hadi Arusha ni zaidi ya kilomita 600, siku nzima kwenye kiti. Arusha hadi Seronera, katikati ya Serengeti, ni zaidi ya kilomita 300 nyingine: Makuyuni, Mto wa Mbu, Karatu, kisha lami inaishia lango la Loduare na mnaanza kupanda ukingo wa Ngorongoro kwenye vumbi, mnashuka upande wa pili, mnakwenda hadi lango la Naabi. Njia hiyo inakatiza eneo la Mamlaka ya Ngorongoro, ambalo lina viingilio vyake mbali na vya TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, kwa hiyo hata kupita tu mnalipia. Siku mbili kwenda, siku mbili kurudi. Katika siku zenu tano inabaki moja ya kuangalia wanyama, na siku hiyo mtoto wa miaka minne atalala usingizi wa uchovu hata simba akipita chini ya dirisha.

Halafu kuna jambo ambalo wazazi wengi hawalioni mpaka wafike. Nyumbu hawafuati kalenda ya shule. Kuanzia Desemba hadi Machi wako nyanda za kusini, upande wa Ndutu, na huzaa kwa wingi mwezi wa Februari, watoto wenu wakiwa darasani. Juni makundi makubwa huwa yanaelekea magharibi, karibu na mto Grumeti. Kule kuvuka mto Mara, zile picha za mamba ambazo bila shaka ndizo zilizomteka mumeo, ni Julai hadi Oktoba, kaskazini kabisa. Likizo ya Juni inakuwa imeisha, ya Desemba haijafika. Serengeti ina wanyama mwaka mzima, sibishi, simba wa Seronera hawaendi popote. Lakini kama kinachowavuta ni nyumbu, basi mtakuwa mmesafiri zaidi ya kilomita 900 kwenda kukosa kile mlichokifuata.

Akishikilia kaskazini, njia ya busara ni ndege hadi Arusha au KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, kisha gari la kukodi. Hapo mwezi unaamua. Juni nendeni Tarangire, kilomita 118 tu kutoka Arusha, kwa sababu kiangazi kinavyokolea tembo hurudi kwenye mto wake kwa mamia. Desemba msiende Tarangire, mvua za vuli zikishanyesha wengi wao hutawanyika nje ya hifadhi kuelekea Simanjiro na mtabaki na mibuyu. Mibuyu mizuri, lakini mibuyu. Desemba afadhali kreta ya Ngorongoro, wanyama wake wengi hawaondoki. Ila ukingo wa kreta uko juu ya mita 2,200, na baridi ya usiku kule mwezi wa Juni au Julai sitampeleka mama mwenye magoti yanayouma. Basi, kaskazini nimemaliza.

Mikumi ilitangazwa hifadhi ya taifa mwaka 1964 na ina kilomita za mraba 3,230. Kwa familia yenye siku mbili, ukubwa huo usikutishe wala kukutamanisha. Hifadhi yenu ninyi ni uwanda wa Mkata, ule ulio kaskazini ya barabara kuu, karibu na lango. Ni tambarare wazi, jicho linafika mbali, na hilo kwa mtoto ni kubwa kuliko wingi wa wanyama. Mtoto wa miaka minne hawezi kuonyeshwa chui aliye juu ya mti mita mia mbili kutoka hapo. Anahitaji twiga kumi wasimame mbele yake. Mkata inampa twiga, pundamilia, nyumbu, swala pala, nyati, ngiri na tembo, na bwawa la viboko halipo mbali na lango. Simba wapo na mara nyingi wanaonekana. Faru na duma msiwaahidi watoto, hapa hawapo.

Sasa msimu. Huko Morogoro masika ni Machi hadi Mei. Baada ya masika kuna vitu viwili vinavyowaficha wanyama: majani na maji. Majani mwanzoni mwa Juni bado ni marefu kuliko mgongo wa simba, kwa hiyo mnaweza kupita hatua kumi kutoka kwake msijue. Na maji yako kila mahali, kwenye vidimbwi vya porini na kwenye mifereji, hivyo mnyama hana sababu ya kuja pale gari linapopita. Kila wiki inayoongezeka bila mvua inaondoa vyote viwili. Majani yanakauka na kulala, vidimbwi vinakauka, na wanyama wanaanza kuja kwenye maji machache yanayobaki, kama pale Mwanambogo na bwawa la viboko. Kilele ni Agosti hadi Oktoba. Kama mngekuwa hamna wanafunzi ningekwambia Septemba, na tungeishia hapo.

Wanafunzi mnao, kwa hiyo tunatafuta wiki iliyo mbali zaidi na masika ndani ya likizo. Shule zinazofuata kalenda ya serikali hufunga mwanzoni mwa Juni na kufungua mwanzoni mwa Julai. Familia nyingi hukimbilia wiki ya kwanza, watoto wakiwa na hamu na wazazi wakitaka kumaliza jambo. Ninyi nendeni wiki ya mwisho. Tofauti ya wiki tatu mwezi wa Juni pale Mkata inaonekana kwa macho, na barabara ndogo za udongo mweusi zinakuwa zimeshikamana. Bakini na siku tatu nne nyumbani za kununulia madaftari kabla ya shule, basi. Jihadharini tu na mwisho wa juma wa Saba Saba, Dar nzima inakuwa na wazo moja.

Wifi yako naye ananiunga mkono bila kujua. Shule za Oman hufungwa kipindi cha joto kali, Juni hadi Agosti, kwa hiyo mwanawe ana nafasi tele. Na mtu anayetoka Muscat mwezi wa Juni atauona ubaridi wa asubuhi wa Mikumi kama zawadi. Mwambie aje na sweta hata hivyo. Kwenye gari la wazi alfajiri kipupwe kinauma, na hao watoto wa Dar ndio watakaotetemeka kuliko wote.

Desemba siikatai. Kama kazi ya mume hairuhusu Juni, nendeni Desemba mapema, mara tu shule zinapofunga, kabla Krismasi haijapandisha bei na kujaza vyumba. Mtakuta nchi ya kijani, ndege wengi waliokuja kutoka kaskazini ya dunia, na vitoto vya swala pala vinavyojifunza kukimbia. Kwa mtoto wa miaka minne, kitoto cha mnyama kinamshinda simba. Mtakachokosa ni mikusanyiko kwenye maji, na mtakachopata bila kuomba ni joto la mchana na mvua ya ghafla ya alasiri inayofanya udongo wa mbuga unase magurudumu. Barabara za mbali kama upande wa Chamgore huenda msifike kabisa. Desemba, kwa hiyo, gari liwe la magurudumu yote kuvuta, hilo halina mjadala.

Pasaka usinitajie. Ni masika. Na Idd zote mbili kwa mwaka 2026 na 2027 zinaangukia Machi na Mei, kwa hiyo nazo ni za kula pilau nyumbani.

Siku ya juma nayo ni msimu, ingawa watu hawaihesabu. Ijumaa jioni kutoka Dar ni foleni ya Kimara, Kibaha, Mlandizi hadi Chalinze, nyuma ya malori ya Zambia na Kongo. Jumamosi pale bwawa la viboko mtakuta mabasi ya shule, vikundi vya kazini na spika ya muziki ya mtu mmoja asiyejua alikokuja. Jumapili mchana wote hao wanarudi Dar, ninyi mnakwenda. Jumatatu na Jumanne uwanda ni wenu. Na vyumba vya siku za kazi, ukiomba kwa adabu, mara nyingi vinashuka bei.

Haya, pa kulala.

Ubaya unaoufikiria wewe ni kwamba gesti ya mjini haina hadhi. Hilo si tatizo, mji wa Mikumi una malazi safi ya bei ya kila aina, na kitanda ni kitanda. Tatizo ni saa. Wanyama wanaonekana vizuri kuanzia saa 12 asubuhi hadi kama saa 3, na tena kuanzia saa 10 jioni hadi lango linapofungwa saa 12. Katikati ya hapo jua ni kali, simba amelala kichakani, tembo ameingia kwenye miti, na mnachozunguka nacho ni vumbi. Kwa hiyo mnachonunua mnapolipia kulala ndani ni zile saa tatu za asubuhi na mbili za jioni, mara mbili. Chumba ni nyongeza.

Angalia inavyokuwa kwa aliyelala mjini. Mji wa Mikumi uko upande wa magharibi, kama kilomita 20 na ushei kutoka lango kuu. Ili muwe langoni saa 12 kamili na watoto wanne na bibi, inabidi muamke saa 10. Mtaamka siku ya kwanza kwa hamu. Hakuna chai, gesti haijaamka. Mdogo analia. Mnatoka saa 12 na nusu, langoni kuna foleni ya malipo, mnaingia saa 2. Saa 3 na nusu jua limeshapanda na bibi anaomba choo. Mchana hamna pa kupumzika ndani ya hifadhi zaidi ya kivuli cha gari, kwa hiyo ama mnakaa ndani kwenye joto mpaka saa 10, watoto wakigombana, ama mnatoka. Mkitoka, kabla hamjalipa ulizeni langoni kibali chenu kinaruhusu kutoka na kurudi au mtalipa upya. Familia nyingi zikifika hapo huamua "tumeshaona, twende zetu." Wameona nusu ya asubuhi moja. Ukigawa gharama yote ya safari kwa saa walizoona wanyama, hiyo gesti rahisi ni ghali kuliko lodge.

Kulala Morogoro na kwenda asubuhi ni vibaya zaidi. Ni mwendo wa kilomita 100 hivi, na ili muwahi alfajiri mtaendesha kwenye giza katika barabara kuu inayokatiza hifadhi kwa kilomita 50. Nyati na tembo huvuka hapo usiku, na rangi ya tembo gizani ni rangi ya giza. Mabango ya mwendo na matuta yamewekwa kwa sababu hiyo, na anayegonga mnyama hutozwa faini. Usimwendeshe mama mkwe wako njia hiyo kabla ya jua kutoka.

Aliyelala ndani anaamka saa 11 na nusu, anakunywa chai ya mkono mmoja, saa 12 yuko uwandani. Saa 3 amerudi mezani kwa kifungua kinywa kamili. Mchana watoto wanalala au wanacheza chini ya mti, bibi ananyoosha miguu kitandani. Saa 10 wanatoka tena. Na hapa kuna siri nzuri ya familia: si lazima watoke wote. Asubuhi ya pili mdogo akikataa kuamka, bibi anabaki naye na wengine wanakwenda, bila mtu kufungiwa kwenye gesti mbali na kila kitu. Wakikaa barazani pundamilia wanaweza kuja wenyewe.

Sasa, ndani kuna madaraja, na bei zilizokushtua nadhani ulizitazama za juu tu. Zipo lodge na kambi za mahema za watu binafsi, ambazo hutoza kwa kichwa pamoja na milo yote. Lakini TANAPA wenyewe wana nyumba za wageni na vibanda, wenyewe huviita banda, karibu na makao makuu ya hifadhi pale langoni, na wana hosteli inayotumiwa sana na wanafunzi. Si za kifahari. Kitanda, chandarua, bafu, basi. Kwa raia bei yake ni ya shilingi na haifanani hata kidogo na ulizoziona mtandaoni. Kwa familia ya watu wanane inayobana matumizi, hapo ndipo ningepiga simu kwanza. Hujaa, hasa mwisho wa juma, ndiyo maana nakusukuma kwenye Jumapili na Jumatatu.

Kupiga hema kwenye kambi ya wazi? Kijana wako wa miaka 13 angefurahi hadi akose usingizi. Ila kambi hizo hazina ua. Fisi hupita, tembo hupita, na choo kiko hatua kadhaa kutoka hemani. Mtoto wa miaka minne anayeamka usiku na bibi anayeamka usiku kwa dawa ya presha, wote wawili, hapana. Wakati wake utafika.

Mkiamua lodge au kambi ya mahema ya kifahari kidogo, msiweke pesa kabla ya kuongea na mtu kwa simu, siyo ujumbe. Muulize kutoka chumbani hadi ukumbi wa chakula ni mbali kiasi gani na kuna ngazi ngapi, maana lodge nyingi zimejengwa vilimani ili mgeni apate mandhari, na mandhari hiyo bibi ataipanda kwa magoti yake mara sita kwa siku. Ombeni chumba kilicho karibu na ukumbi, na mseme sababu. Ulizeni kama kuna hema la familia lenye vyumba viwili chini ya paa moja. Ukiambiwa "watoto watapata hema lao, jirani tu," kataa, kwa sababu usiku hakuna kutembea bila askari kuwasindikiza, na mtoto akiota ndoto mbaya hawezi kukufuata. Ulizeni chakula cha jioni ni saa ngapi. Kambi nyingi huandaa saa 1 na nusu au saa 2 usiku, mdogo wenu ameshasinzia, basi waombeni wali na kitoweo cha watoto saa 12 na nusu. Ni jambo dogo na jikoni hawakatai wakijua mapema. Kambi nyingine za ghali huwa na umri wa chini wa watoto. Heri ujue hilo ukiwa Tabata.

Bwawa la kuogelea, swali ambalo wazazi huona aibu kuliuliza kana kwamba mbugani mtu anaenda kuangalia wanyama tu, mimi nalihesabu. Kuanzia saa 5 hadi saa 9 mna watoto wanne na hakuna la kufanya. Mkipata pa kulala ndani pasipo na bwawa, hamjapoteza, chukueni karata, bao na mpira laini. Lakini ile siku ya tatu ya Morogoro nimeiweka makusudi: tafuteni hoteli yenye bwawa pale chini ya Uluguru, watoto waoge vumbi lote, bibi apumzike kabla ya safari ya mwisho. Hapo ndipo pa kulala nje ya hifadhi kwa raha, siku ambayo hamna haja ya kuamka alfajiri.

Noah yenu itawafikisha hadi langoni kwa lami bila shida. Ndani ya hifadhi iacheni. Iko chini, madirisha yake ni madogo kwa kazi hii, na watu wanane hamwezi kukaa mkaona. Kodini gari la safari la paa la kufunguka, Mikumi na Morogoro yapo, kwa mizunguko miwili au mitatu tu, siyo siku nzima. Hakikisheni kila mtu ana kiti chake, mtoto wa kupakatwa siku mbili anawachosha wote wawili. Na bibi akae mbele na dereva. Kule nyuma gari linarusha, na ngazi ya kupandia ni ndefu. Kama dereva si mzoefu wa Mikumi, langoni mnaweza kuomba mwongozaji wa hifadhi, na fedha hiyo hainiumi hata siku moja, yeye ndiye anayejua simba walionekana wapi jana jioni.

Kwa safari ya kwenda nina pendekezo ambalo mama mkwe wako atalipenda. Tangu mwaka 2024 treni ya SGR inakwenda Morogoro kwa muda usiofika saa mbili. Mama, wifi, wewe na wadogo pandeni treni. Mumeo na wa miaka 13 waje na Noah na mizigo, wawachukue stesheni pale Kihonda. Magoti hayatakunjwa saa tano, mtu hatatapika Chalinze, na kilomita za barabarani kwa wasafiri dhaifu zitakuwa 100 tu. Kurudi fanyeni vilevile.

Afya kwa kifupi, daktari wa mama atawaambia zaidi. Mikumi ina malaria kama Dar ilivyo, laleni kwenye chandarua kama mlivyozoea, ila mtoto aliyekulia Muscat hana kinga yoyote, kwa hiyo wifi yako amwone daktari kuhusu dawa za kuzuia kabla hajapanda ndege. Upande wa misitu ya miombo kuna mbung'o, ndorobo wanaouma kupenya shati. Wanavutwa na rangi ya bluu iliyoiva na nyeusi, wavisheni watoto kaki, kijani kibichi au kahawia, na jeans zibaki nyumbani. Dawa za presha zikae kwenye mkoba wa mkononi, kamwe zisiwe kwenye begi la buti. Chukueni poti ya mtoto ndani ya gari, kwa sababu porini hakuna kushuka popote mnapotaka. Pale bwawa la viboko huwa wageni wanaruhusiwa kushuka, ila mdogo ashikwe mkono muda wote. Na chakula kisilale ndani ya chumba wala hema. Nyani wa Mikumi wanajua kufungua zipu kuliko wanao.

Viingilio vya raia ni nafuu. Mdogo wa miaka 4 halipi, wenye miaka 5 hadi 15 wanalipa kiwango cha mtoto, kuanzia 16 ni mtu mzima, na kuna ada ya gari pia. Chukueni vitambulisho vya NIDA na nakala za vyeti vya kuzaliwa vya watoto. Kinachoweza kuwashangaza ni pasi ya wifi yako na mwanawe. Anayeingia kwa pasi ya Oman analipa kiwango cha mgeni, kwa dola, hata kama amezaliwa Mnazi Mmoja na anaongea Kiswahili cha kukushinda. Kama bado ana pasi ya Tanzania aje nayo. Kama hana, hesabuni gharama yake mapema na mkubaliane nani analipa, kabla ya kufika langoni.

Kuna jambo moja la kumfikiria kijana wa miaka 13, maana umri huo gari huwa linamchosha siku ya pili. Udzungwa iko kama kilomita 65 kusini ya Mikumi, lango la Mang'ula, na ni hifadhi ya kutembea kwa miguu. Maporomoko ya Sanje yana urefu wa mita 170 hivi, na msituni kuna mbega wekundu wa aina isiyopatikana nje ya milima hiyo. Mkipata ile siku ya tano, baba yake ampeleke na wa miaka 9 na wa 10, ninyi wengine mbaki mnapumzika. Msijaribu kuibana ndani ya siku nne.

Mpangilio wa kuweka oda ni huu. Anza na malazi ya ndani, miezi miwili au mitatu kabla, kwa sababu hayo ndiyo haba, na tarehe zote nyingine ziyafuate. Gari la safari lifuate. Tiketi za treni zinapofunguliwa, zikateni mapema, likizo hujaa. Kiingilio hakihitaji kuhangaikiwa kutoka Dar, mtapewa namba ya kumbukumbu ya malipo na mtalipa kwa simu au kadi ya benki. Mwambie mumeo aweke salio la kutosha kwenye simu kabla ya kutoka Morogoro. Langoni hawapokei noti, na mkifika na bahasha ya fedha taslimu mtarudi nyuma hadi kijiji cha Doma kutafuta wakala, huku zile saa za asubuhi zikipita.